Darasa Lisilo na Picha

“Watoto wetu sie wamekosa nini?”

Jirani yetu aliniuliza hivyo asubuhi moja Temeke, amesimama mlangoni na kikombe alichokuja kuombea chumvi. Mimi niliyezoea kuuliza maswali mpaka walimu wakanikwepa, sasa niliulizwa mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Waingereza bado wanatawala. Nilikuwa nimerudi kwa likizo ndefu kutoka chuo kikuu Kampala. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa bara, na sisi tulikuwa karibu Wakristo pekee katika mtaa ule. Watu walikuwa wameshaanza kuniita Mzungu wetu, nusu kwa fahari, nusu kwa kejeli.

Likizo ile nilifanya kazi kwa Mwingereza mmoja aliyekuja kuchunguza namna bora ya kufundisha lugha yake. Shule ya mtaani kwetu ilikuwa na vyumba viwili vya darasa la nne. Kimoja alikipa picha kubwa za rangi na gramafoni, na mwalimu wake akakatazwa kutamka hata neno moja la Kiswahili. Cha pili alikiacha kama kilivyokuwa, na ubao wake na tafsiri zake. Mwishoni angewapima watoto wote aone tofauti. Binti wa jirani alikuwa chumba cha ubao.

“Ni utafiti, mama,” nilimwambia jirani.

“Utafiti ndiyo nini?”

“Ni kulinganisha. Hawa wanapewa, hawa hawapewi, halafu tunaangalia.”

Akakizungusha kile kikombe mkononi. “Kumbe. Wangu amewekwa asipewe, ili ionekane kwamba hakupewa.”

“Sivyo hasa, mama.”

“Haya, vipi hasa?”

Nikaenda kumletea chumvi.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwisho wa mwaka darasa la nne lilifanya mtihani wa kuingia shule ya kati, na Kiingereza kilikuwemo. Asiyepita alirudi nyumbani. Kwa msichana wa mtaani kwetu, kurudi nyumbani maana yake ilikuwa kuwekwa ndani mpaka aje wa kumwoa. Jirani alikuwa amewekwa hivyo yeye mwenyewe, na alikuwa amesema mbele ya wanawake wote wa bombani kwamba binti yake hatawekwa.

Nilimpelekea yule Mwingereza swali la jirani, nikijifanya ni langu.

“Nikiwapa wote, nitajua nini?” alisema, kwa upole kabisa. “Tutakachokijua hapa kitawafaa watoto wa Malaya kule Asia, wa Nigeria, wa kila mahali ambapo watu watahitaji Kiingereza ili waelewane.”

“Na kwa nini wahitaji Kiingereza?”

Akacheka. “Hilo silo ninalolichunguza.”

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu lake lilinipendeza. Lilikuwa safi, lilifanana na vitabu vyangu. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeaminiwa siri ya dunia, na Temeke yote nikaiona ndogo.

Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya chumba cha picha na kutazama. Picha ya kwanza ilionyesha watu mezani na mbwa amelala chini ya meza. Watoto waliangua kicheko.

“Mbwa ndani!” mmoja alipiga kelele. “Wanaswalia wapi hawa?”

Mwalimu akamtazama kwa hofu, kisha akanitazama mimi, maana Kiswahili kilikuwa kimetamkwa. Nilitikisa kichwa kama bibi wa ukaguzi. Gramafoni ikaendelea. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyeimba mwisho wa kila sentensi kama anayemwita mtoto kwa mbali.

Jioni nilipopita bombani wanawake walinisubiri.

“Mzungu wetu, leo gramafoni imesemaje?”

“Imesema mtoe mbwa nje!” alijibu mwingine, wakacheka wote. Jirani alicheka nao, lakini hakunitazama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, basi. Tangu siku ya chumvi hakuniuliza tena juu ya shule, nami nilishukuru kwa kutoulizwa. Nyumbani nilitupa mkoba wangu kitandani na kujifungia na vitabu. Chaki za shule nilizokuwa nikibeba mkobani zilikuwa zinapungua, na niliona ni uzembe wangu, nazisahau darasani.

Siku ya kupimwa ilifika. Mwingereza aliketi mezani, mwalimu mkuu pembeni yake, nami nikiita watoto mmoja mmoja. Wa chumba cha picha walifanya vizuri. Kisha akaingia binti wa jirani, ushungi umefungwa barabara, akaonyeshwa picha ya mbwa ambayo hakupaswa kuwa ameiona.

Akasema kwa Kiingereza kwamba mbwa amelala chini ya meza na baba anakunywa chai. Hakukosea. Na mwisho wa kila sentensi aliimba, sawasawa na mwanamke wa gramafoni.

Mwingereza aliweka kalamu chini. Akaingia wa pili wa chumba cha ubao, naye akaimba. Wa tatu vilevile.

“Umewafundisha?” aliniuliza.

“Hapana.”

“Naelewa. Ni watu wako.”

“Sikuwafundisha, bwana.”

Mwalimu mkuu aliangalia sakafu. Niliona aibu, na sikujua ni kwa ajili ya nani. Nilikuwa nimetii kila alichoniagiza Mwingereza, nimemnyima mtoto wa jirani kwa uaminifu wote, na sasa naitwa mdanganyifu kwa wema ambao sikuutenda. Alisema matokeo ya shule yetu hayafai tena, akafunga gramafoni yake, akaenda kuanza upya mahali pengine.

Binti alipita mtihani wa shule ya kati. Jirani alileta sahani ya vitumbua, akamkabidhi mama yangu, akaniambia, “Na wewe kula, mwanangu.” Nilikula. Nilidhani amenisamehe.

Miaka mingi baadaye, nchi imeshakuwa yetu, yule jirani alifariki, nikakutana na binti yake msibani. Sasa alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Tulikaa mkekani, nikamuuliza hatimaye walijifunzia wapi. Akacheka huku machozi hayajamkauka.

“Chuoni, dada. Kwenye Kurani.” Siku ile ile ya chumvi, mama yake alikwenda kwa mwalimu wa Kurani. Kule aliyetangulia humsomesha aliye nyuma, ndivyo walivyozoea. Kila alasiri, kabla ya Kurani, watoto wa chumba cha picha walichora mbwa na meza kwenye sakafu ya baraza, wakaiimba gramafoni, na wenzao wakafuatisha kwa sauti.

“Mbona hamkuniambia?”

“Mama alituapisha. Alisema wewe ni mtu wa Mzungu, utasema.”

Kisha akaniambia nani aliyekuwa akiwapa chaki za kuchorea. Alikuwa mama yangu, kila nilipojifungia na vitabu, akizitoa kwenye mkoba wangu.