Alizeti za Mlima Mzima

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Kazi yangu ni kuchunguza magonjwa ya mimea. Nilitaka kujua kama ukungu unaoua alizeti zetu ni wa ukoo mmoja au koo nyingi, maana mbegu inayoustahimili mmoja huweza kuuawa na mwingine. Nilipaswa kuzunguka mashambani. Nikaona jua kali, nikakaa kivulini nje ya kanisa: Jumapili moja Old Moshi, iliyofuata Kirua Vunjo, kote huku mlimani kwetu. Wakulima wakaniletea majani yenye madoa, nami kwenye kila bahasha nikaandika kijiji anachoishi mwenyewe.

Majibu ya maabara yakatoka: vinasaba vyote vimefanana kama mapacha. Nikaitisha mkutano Old Moshi, nikavaa na koti.

"Ukungu mmoja umetawala mlima mzima!" nikatangaza. "Mbegu moja itatutosha sote."

Mama Aikande, jirani yetu, akanyoosha mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, huku juu umeona alizeti ngapi?"

Nikatazama kihamba, shamba la nyumbani, nyuma yake. Migomba, kahawa, migomba tena.

"Alizeti sote tunalima kule chini, tambarare," akasema. "Sisi na wenzetu wa Kirua tumepakana huko huko. Umepima sehemu moja tu."

Nikajikohoza, nikasema kitaalamu kwamba mipaka ya mashamba hayo siifahamu.

"Utaachaje kuifahamu?" akashangaa. "Shamba la katikati si la mama yako? Mwaka jana ulilipalilia mwenyewe."