Jike Mmoja, Nyuzi Mbili

Kila alipofika bwawani, fundi cherehani yule alipiga hodi. Alisimama ukingoni na mabuti yake ya mpira, akasema, "Hodi humu!", ndipo akatia mguu majini. Mpwa wake, aliyemshikia daftari, hakuchoka kumtania.

"Siku wakikujibu karibu, Shangazi, daftari utaliokota mwenyewe."

Walikuwa watu saba wa kujitolea, na kila msimu wa mvua waligawana mabwawa ya mtaa kuandika mayai ya vyura. Chura wa ngozi laini hutaga bonge. Chura wa vipele hutaga nyuzi ndefu zinazojizungusha kwenye majani ya majini. Nyuzi alipewa fundi, kwa kuwa hapakuwa na mwenye jicho la kufuata uzi kama lake. Kwa miaka sita alijaza daftari hivyo: uzi mmoja, jike mmoja.

Mwaka ule wa sita halmashauri ikataka kulifukia bwawa la nyuma ya gereji, pawe maegesho. Ilisema italiacha iwapo majike wanaotaga humo wanafika mia. Daftari lilisema mia na kumi na nane. Mwalimu mstaafu, kiongozi wao, alitembea mtaani kifua mbele.

Wiki moja kabla ya fomu ya hesabu kupelekwa halmashauri, fundi alimkuta chura akitaga mchana kweupe, dume mgongoni. Aliinama, akaufuata uzi kwa jicho hadi ulikotokea.

"Nyuzi zinatoka mbili," alisema hatimaye. "Kwa pamoja. Mbili, kwa jike mmoja."

Mpwa alipiga hesabu kichwani. Hamsini na tisa.

"Nani mwingine ameona, Shangazi?"

"Mimi."

"Basi yaishe hapa hapa. Fomu nimekwisha kuichapa."

"Nikishona vibaya nafumua, simwambii mteja apunguze mwili. Chapa upya."

Mwalimu alikuja juu. "Dada, miaka sita unatuhesabia hewa!"

"Ndiyo," alisema fundi. "Sasa nani ana ndoo?"

Barua ya halmashauri ilitoa mwezi mmoja kabla ya bwawa kufukiwa. Fundi alifunga duka wiki nzima, akawa anabeba mayai, viluwiluwi na vyura wazima hadi bwawa la shule, mitaa mitatu mbele. Wenzake walimnunia siku mbili. Ya tatu wakaja na ndoo zao. Mpwa naye alibeba, lakini kinyongo hakikumtoka. Hata maegesho yalipokwisha kujengwa, alipofika pale alivuka barabara, akapita upande wa pili.

Mvua zilizofuata zilimkuta fundi amelazwa, kifua kimembana. Mpwa alikwenda bwawa la shule peke yake, asijue kama atakuta kitu, kisha akaja moja kwa moja wodini na matope yake magotini.

"Wametaga, Shangazi! Nyuzi tisa!"

Fundi alifumba macho. Chozi moja lilimteremka hadi sikioni, wala hakulifuta. Kisha akayafumbua macho, akamwambia maneno ambayo mpwa hakujua kuwa ndiyo ya mwisho:

"Tisa haigawanyiki kwa mbili. Umeruka mmoja, rudi. Sasa unanikodolea macho ya nini? Mimi sitagi."