Wakokotaji wa Barafu na Simu ya Jumapili

Nilifundisha mpira wa magongo katika shule ya wasichana hapa Elburgon kwa miaka ishirini na saba, kwenye uwanja ulioinama kiasi kwamba timu iliyoanza upande wa juu ilijihesabu imeshinda. Mimi ni mtu wa kelele. Hadi leo kuna mama wa watoto wanne ambaye akiniona sokoni hunyoosha mgongo ghafla, kwa sababu alipokuwa kidato cha pili nilimwambia anakimbia kama mtu anayetafuta choo. Huwa tunasalimiana vizuri, lakini mgongo haulegei mpaka nipite.

Sasa nimestaafu. Mume wangu alifariki, na mtoto wetu ni mmoja tu, mwanaume, naye yuko Kanada, mwaka wa tisa huu. Anaendesha lori la kusambaza vyakula madukani. Kila Jumapili saa moja jioni hunipigia simu, kwake ikiwa saa tano asubuhi. Simu hiyo ndiyo wiki yangu. Jumatatu naanza kuisubiri, na kufikia Ijumaa nimeshapanga nitakachosema, na Jumapili ikifika nasahau yote.

Kilichonitia hofu ni kwamba ilikuwa inafupika. Umekula? Nimekula. Huko baridi? Iko. Mvua je? Imenyesha. "Haya Mum, wacha nikuache upumzike." Nani alimwambia nimechoka? Nilikuwa nimepumzika wiki nzima. Niliona kabisa kwamba tukiendelea hivyo, kuna Jumapili ambayo haitapigwa, na hakuna atakayekuwa amekosana na mwenzake.

Kisha siku moja akataja hoki ya barafu.

"Mum, wewe si ni wa magongo? Huku watu wanaipenda vibaya sana. Mimi na vijana wa job huwa tunaenda kuona kila Jumamosi."

Nilifurahi mara mbili. Kwanza, alikuwa na watu. Jambo hilo nililitangaza kanisani hata kwa wasiouliza. Pili, tulikuwa tumepata la kuongea. Akaanza kunitumia video za wakokotaji wa ligi ya kulipwa, yaani wale wanaokokota mpira kwa gongo bila kunyang'anywa. Mpira wao si mpira. Ni kisahani cheusi kigumu, na hukichezea wakiteleza kwenye viatu vyenye makali chini.

Nikatafuta daftari. Nilichora safu tatu, kama nilivyofanya kila mwaka nikichagua timu ya shule: mikono, macho, miguu, kila moja alama kumi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikavaa miwani, nikaanza na mchezaji mmoja mfupi ambaye kijana wangu alisema hana mwenzake. Miguu nilimpa nane. Macho nane. Mikono nikampa sifuri.

Alikuwa amegusa kwa mgongo wa gongo! Sisi wa uwanjani gongo letu lina upande mmoja wa kucheza, ule wa bapa. Mpira ukienda kushoto kwako, unageuza gongo mkononi ili bapa ndilo liguse. Mgongo ukigusa, filimbi inalia. Nimewafokea mabinti kwa kosa hilo mpaka sauti ikanikauka, na sasa huyu mtu mzima, anayelipwa, anagusa huku na huku bila aibu. Nikamwangalia wa pili, naye vile vile. Nilisahihisha wachezaji kumi na mmoja, na wote nikawafelisha.

Jumapili nikamsomea matokeo. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mum! Umefelisha mastaa wote wa ligi! Huku pande zote mbili zinaruhusiwa."

"Basi huo si mchezo. Huo ni ufisadi."

Tuliongea dakika arobaini. Nilipokata simu mashavu yalikuwa yananiuma kwa kutabasamu, na nyumba ikarudi kuwa kimya kama kawaida yake.

Tangu hapo nikafanya kazi kweli kweli. Nilianza kwa sababu ya mtoto, lakini sitadanganya, nilikuja kuwapenda wale watu. Yule mfupi mikono yake ni kama ya mama anayefuma sweta huku akipiga gumzo: haangalii sindano hata mara moja. Kisahani kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, na beki akishakitazama tu kwisha habari yake. Kuna mwingine mrefu, mikono kama nguzo za stima, ambaye hukiweka kisahani mbali na mwili mpaka beki anadhani amepewa bure. Anakiendea, na hakikuti. Na kuna mzee wao, ndevu zina mvi, hana mbio tena. Huyo nilimpa tisa. Hugusa mara chache kuliko wote, lakini kila anapogusa mtu mmoja anabaki nyuma yake. Kijana wangu alimtetea mwingine, barobaro wa kupitisha kisahani katikati ya miguu yake mwenyewe.

"Huyo ni wa sarakasi," nikamwambia. "Angekuwa kwangu angekimbia raundi kumi."

"Mum, hata kocha wake hawezi kumsema hivyo."

"Kocha wake hajanipigia simu."

Hivyo ndivyo tulivyoongea, Jumapili baada ya Jumapili. Lakini wiki ina siku nyingine sita, na hizo nilikaa na wanaume wasionijua, kwenye kioo kidogo. Wakati mwingine nilijikuta nikimfokea mmoja wao kwa sauti, "Inua kichwa!" na ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kama ningenyamaza tangu mwanzo. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema. Nilijiliwaza kwamba angalau mmoja wetu ana watu wa kwenda nao mahali.

Mwezi wa Novemba ikanyesha mvua ya mawe, ile ya kwetu ya kupasua majani ya kabichi. Ilipokatika, uwanja wa nyumba yangu ulikuwa mweupe kutoka mlangoni hadi kwenye ua. Nikasimama nikautazama. Kisha nikavaa gambuti, nikatoa gongo langu la zamani nyuma ya kabati, nikachukua kifuniko cha kopo la rangi ya viatu na kukitupa chini. Kiliteleza vizuri. Nikakigusa kwa bapa, kikaenda kushoto, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikakirudisha kwa mgongo wa gongo. Nilijihisi mwizi, na ilikuwa tamu. Jirani yangu akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu, uko sawa kweli? Niite mtu?"

"Niko mazoezini."

"Haya. Ukianguka usiseme sikukuuliza."

Jumapili nikamsimulia kijana wangu, naye akacheka vile ninavyopenda. Nikiwa bado nimejaa furaha, nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua.

"Hizi video zimewekewa muziki, sisikii kitu. Wewe unayeingia uwanjani niambie, kisahani kikigusa gongo pale kwenye barafu, kinalia aje?"

"Kinalia tu kawaida, Mum."

"Kawaida ya nini? Ya ubao? Ya jiwe?"

Akanyamaza. Kwa miaka ishirini na saba nimewauliza wasichana walikuwa wapi wakati wa mazoezi. Ninaujua ukimya wa mtu ambaye hakuwepo.

"Hujawahi kuingia," nikasema.

"Sijawahi."

"Na vijana wa kazini?"

"Hakuna vijana, Mum. Nashusha mizigo, naingia kwa nyumba, nalala. Nilisema hivyo ndio usikuwe na wasiwasi. Hizo video huwa natafuta Jumamosi, ndio tukiongea tukuwe na kitu."

Nilikaa chini. Miaka tisa. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amekaa peke yake jikoni kwake, akiwatazama watu wale wale, ili mwenzake asijue. Neno "rudi" lilikuwa limefika mdomoni. Ningelitamka angerudi, namjua, angeacha kila kitu aje akae nami hapa tutazamane. Nililaza ulimi juu yake kwa nguvu.

"Hapo kwenu hakuna uwanja wa barafu?"

"Uko. Kuna timu ndogo ya kulipwa inacheza pale."

"Siku gani?"

"Jumapili. Saa saba mchana, lakini ni mbali, lazima mtu atoke saa tano ndio apate basi."

"Saa tano ndiyo saa hii tunayoongea."

"Ndio maana huwa siendi, Mum."

Simu niliyokuwa nikiilinda kama yai ndiyo iliyokuwa imemfungia ndani. Nikakohoa, nikatafuta sauti yangu ya uwanjani, nikaipata.

"Sikiza. Jumapili ijayo usinipigie. Enda. Usikae pembeni, kaa katikati ya watu. Muulize aliye karibu nawe ni nani pale mwenye mikono mizuri kuliko wote. Mtu wa mpira hawezi kukataa kujibu hilo swali."

"Na wewe?"

"Mimi nina shughuli zangu," nikasema, na sikuwa na hata moja.

Jumapili hiyo nilipika ugali na sukuma, nikaufunika, sikuula. Saa moja ikafika, ikapita. Niliikagua simu kama ina chaji. Nilienda kulala hata saa mbili haijafika.

Asubuhi nikakuta amenitumia sauti. Mwanzoni ni makelele ya watu tu, kisha yakatulia kidogo, na nikasikia: ta, ta-ta, ta. Ni mlio mkavu, kama wa mtu anayegonga mlango kwa heshima. Halafu sauti yake, ya haraka, yenye joto. Alikuwa amekaa karibu na mzee mmoja na mke wake, akauliza swali lile, na wale wawili wakabishana wenyewe kwa wenyewe mpaka mwisho wa mchezo. Walikuwa wamempeleka kwao kunywa chai. Walikuwa wamesema watamshikia kiti kila Jumapili.

"Lakini Mum, Jumapili ni yetu. Niwaambie aje?"

Nikamjibu kwamba awaambie ndiyo, na nikaweka simu chini kabla sijaandika kitu kingine.

Siku hizi hunipigia Jumatano, akiwa kwenye lori akisubiri kushusha mizigo. Ni dakika tano au sita. Anacheka kuliko zamani, na huwa ana haraka, na hiyo haraka ndiyo niliyomtuma akaitafute.