Haipo, au Hujaiona?

Ujumbe ulikuwa wa maneno manne tu: "Mama wa steshenari katutoka." Nilikuwa sokoni Kilindoni nimeshika fungu la muhogo, nikalirudisha pale pale, na mwenye muhogo akadhani nimeudharau. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Msomaji wangu wa kila juma hakumjua mama huyu, lakini haya anayoyasoma hapa yamepitia mezani kwake. Nyumbani kwangu mtandao huja unapotaka wenyewe, kwa hiyo miaka yote hii safu nimeiandikia kwenye kiti cha plastiki katika kiduka chake cha kuchapa na kutoa kopi. Alikuwa karani mchapaji serikalini enzi za taipureta, akastaafu, akajifunza kompyuta akiwa tayari ana wajukuu. Hakuwa mpole, nisimsingizie. Ukimwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kuyatoa macho kwenye kioo cha kompyuta, na ukikosea herufi alikusema mbele za watu. Nilimpenda sana.

Watu wa visiwani walimwekesha karatasi zao. Paa la makuti huvuja, mchwa hawana adabu, na chombo kikipigwa na wimbi hata mfuko wa nailoni haufui dafu. Basi mtu akipata hati ya maana alimletea, naye aliiskani na kuihifadhi kwenye folda moja kubwa, kila faili likianza na jina la mahali: Baleni, Bwejuu, Juani. Siku moja alikwenda Baleni kuhani msiba, akaniachia duka. Akaingia dada mmoja kutoka Kisiwa cha Bwejuu. Aliwahi kuolewa na mvuvi wa dago, wale wanaokuja kwa msimu kutoka wilaya nyingine za pwani, na dago lilipovunjwa mume akamwandikia talaka, akaenda zake, na hajulikani yuko ufukwe gani. Sasa dada amepata mchumba, ndoa ni Ijumaa, na shehe amesema hafungishi bila kuiona karatasi ya talaka. Karatasi yenyewe ililoa safarini ikawa uji. "Lakini mama aliniwekea," alisema. "Mwaka juzi."

Nikafungua folda. Fundi alikuwa ameitengeneza ile kompyuta siku chache nyuma, ikarudi na tabia mpya: imeyagawa mafaili yenyewe, bila kuombwa, kwa makundi ya tarehe. Ya leo, ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita. Nikashuka nayo moja moja, Bwejuu hii, Bwejuu ile, yake hamna. Chini kabisa palikuwa na mstari mwembamba wenye maneno ya Kiingereza, maana yake "zamani sana", na chini ya mstari huo peupe. Nikageuka nikamwambia, tena kwa sauti ya mtu anayejua, "Haipo, dada." Hakubisha. Alisema, "Haya, ahsante," akaurudisha ushungi wake vizuri, akatoka. Hiyo "haya" yake ningali naisikia.

Mama aliporudi nikamsimulia kama habari ya kawaida. Akavua miwani. "Haipo, au hujaiona?"

"Mama, nimetafuta sana."

"Sikukuuliza kama umetafuta."

Akainama, akabonyeza kimshale kidogo kando ya ule mstari, na, Mola wangu, yakamwagika mafaili ya miaka yote yaliyokuwa yamekunjwa humo ndani kama mkeka. La yule dada lilikuwemo, limetulia. "Mwanamme mzima!" alifoka. "Ndoa ya mtoto wa watu unataka kuivunja kwa neno moja!" Akalichapa, akalitia kwenye nailoni, akasimamisha bodaboda, tukapanda mshikaki, yeye na baibui lake katikati, mimi nyuma nikiomba dua. Tulipofika ufukweni mashua ya Bwejuu ilikuwa imeshasukumwa, maji yanajaa. Mama akaniwekea nailoni mkononi. "Ingia."

"Mama, suruali…"

"Kosa lako, maji yako."

Nikaingia mpaka kifuani, karatasi juu ya kichwa, na ufukwe mzima ukinicheka. Dada akainama kutoka chomboni akaipokea, akaisoma, akaanza kulia huku anacheka. Ijumaa ndoa ikafungwa. Juma lililofuata nililetewa pweza mkavu ambaye sikumstahili, nikamla.

Jioni ile ile mama alibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akautafuta ule mpangilio wa makundi, akauzima. Dakika haikupita. Mafaili yakakaa jamvi moja, Baleni kwa Baleni, Bwejuu kwa Bwejuu, hati ya miaka mitano ubavuni mwa hati ya jana. Tangu hapo kila kompyuta iliyotua mezani kwake aliizimia makundi, aombwe asiombwe. Bwana mmoja wa ofisini alimletea ya kwake achapiwe ripoti, akaikuta imebadilika. "Mama, huo ndio mpangilio wa kisasa," akalalamika. "Kisasa chako, mwanangu," akajibiwa. "Mtu wa Juani huja huku akipata chombo, akipata nafasi, akipata uzima. Miezi minane kwako ni zamani, kwake ni safari iliyopita." Bwana akachukua kompyuta yake akaondoka, na makundi yamezimwa.

Nimelifikiria sana jambo hilo, maana sina budi kukiri kwamba siku ile sikuwa mbaya, nilikuwa mvivu tu, na mashine ikanipa heshima ya kujificha nyuma yake. Siku hizi ni lugha yetu sote. Mtu anafika dirishani na nauli ya kuazima, anaambiwa hayumo kwenye mfumo, na aliyemwambia hajui kama mfumo una kimshale. Kompyuta haina kosa, imeambiwa ipange imepanga. Anayesema "haipo" ni binadamu, na hilo linaniuma kwa sababu nililisema mimi.

Juzi, baada ya hitima, binti wa marehemu aliniomba nikae dukani kidogo. Nikamwona yule dada wa Bwejuu anaingia, kitoto kichanga mgongoni, karatasi ya kuzaliwa kwake mkononi. Habari hazikuwa zimemfikia. "Mama yupo?" akauliza. Niliiangalia miwani ya marehemu juu ya meza. Nilikuwa nimelifuata jeneza mpaka makaburini, nimetia mchanga kwa mikono yangu miwili. "Hayupo, dada," nikasema. Akakaa kwenye kile kiti changu cha plastiki, akalia, nami nikalia. Baadaye akaninyooshea karatasi. Nikaiskani, nikaandika Bwejuu, nikaandika jina la mtoto.

"Na nikirudi," akauliza polepole, "mtaiona?"

Kama marehemu ameniachia urithi, msomaji wangu, ni huu: usimjibu mtu kwa kile usichokifungua, na usimfanye akuamini kwa mdomo mtupu. Nikaigeuza kompyuta upande wake, nikasubiri, mpaka akaweka kidole juu ya jina la mwanawe.