Vidole vya Dobi

Dada yangu ni dobi. Miaka kumi na tisa mikono yake imeshinda kwenye sabuni, dawa ya madoa na pasi ya moto, na ndiyo maana mashine ya ofisi ya uhamiaji haikumwona kuwa mtu. Aliweka kidole gumba, ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Afisa akampa kitambaa ajipanguse, eti huenda ni uchafu. Dobi kuambiwa mchafu. Nilifungua mdomo, shemeji akanikanyaga mguu.

Shemeji ni fundi viatu, katoka nchi jirani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulishampa miaka sita iliyopita, kibali ndicho hakipati. Cheti cha ndoa kipo, picha zipo, na bado kila mwaka anaomba ruhusa ya kukaa na mke wake mwenyewe. Safari hii waliomba kibali cha kudumu. Zilitakiwa alama za vidole vya wote wawili, na shemeji asitoke nchini kabla faili halijakamilika. Akitoka linafungwa, anaanza upya akiwa kwao, na huko watu hungoja hata miaka miwili.

"Mama, pumzisha mikono wiki tatu," afisa alisema. "Usiguse sabuni. Jipake mafuta, ngozi itarudi."

Basi karai nikalirithi mimi. Niliunguza kola mbili na wateja wakaninunia. Dada alikaa kwenye kigoda, mikono inang'aa mafuta, kazi yake kunikosoa.

"Hiyo nguo unaifua au unaibembeleza?"

Wiki ya kwanza haijaisha, simu ikaja: baba yake shemeji ameanguka, hainuki kitandani. Shemeji ni mtoto wa pekee, na mama yake alishafariki. Alikaa na kiatu cha mteja mapajani, sindano imekwama kwenye soli.

"Nikienda, sirudi," alisema. "Nisipoenda, mimi ni mtoto gani?"

Mimi na shemeji hatuishiwi utani, lakini siku hiyo sikuwa nao.

"Nitaenda mimi," dada akasema. "Pasipoti yangu haina tatizo. Baba yako ni baba yangu."

Mzee mwenyewe dada hajawahi kumtia machoni. Shemeji alimshika ile mikono ya mafuta. "Ila usifue kitu huko, mke wangu. Majirani wapo. Tafadhali."

Akakubali.

Alikaa huko siku kumi na moja. Mzee alifariki siku ya tisa, akazikwa siku ya kumi. Shemeji aliyafuata mazishi ya baba yake kwa simu, amesimama uani katikati ya nguo za watu nilizoanika. Hakulia. Kila mara huwa nasema sheria ni sheria, tutafanyaje. Siku ile niliichukia sheria na mihuri yake yote.

Dada akarudi, na siku ya miadi tukaenda ofisini. Kidole gumba, mashine ikakataa. Cha shahada, ikakataa. Vyote kumi.

"Mama, si nilikwambia?" afisa akauliza.

"Uliniambia."

Wakatupa wiki tatu nyingine. Tulitoka hadi kwenye benchi la ukumbini, na hapo shemeji akaichukua mikono ya mkewe, akaigeuza. Ncha za vidole zilikuwa laini tupu, mistari imefutika, na viganja vimepasuka kwa sabuni.

"Nilikuomba usifue."

"Majirani walikuwa wanakuja mara moja kwa siku," dada alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na mzee alikuwa hawezi kwenda hata chooni. Ningefanyaje? Hakulala kwenye shuka chafu hata siku moja, baba wa watu. Hata siku moja."

Shemeji aliinamia ile mikono, foleni nzima ikitazama, na hapo ndipo alipomlilia baba yake.