Jumamosi Nilimwona Marehemu Kaka Yangu Uwanjani, Akiwa Mwanangu

Admin, tafadhali nifichie jina. Hata majina ya humu nimeyabadilisha, maana ndugu zangu wanaufuata huu ukurasa na wengine wana midomo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi huku mjini, Olasiti, nina saluni ndogo. Mume wangu ni dereva wa watalii, kwa hiyo wikiendi nyingi hayupo. Kwetu nilikozaliwa ni kule mlimani Meru, kwenye migomba na kahawa. Mpira naupenda kupita kiasi. Kuna wateja wamenihama kwa sababu timu yangu ikifungwa nawasuka huku nimenuna.

Ugonjwa huu niliambukizwa na kaka yangu Eliamani. Alikuwa nahodha wa timu ya kijiji chetu, mtu wa mguu wa kushoto, watu walikuwa wanatoka mpaka Nduruma kuja kumwangalia. Alifariki kwa ajali ya pikipiki akitoka kwenye mechi, mimi nikiwa na mimba. Nilipojifungua mtoto wa kiume, hakuna hata aliyeuliza ataitwa nani. Kwetu jina la marehemu hurudi nyumbani, na mimi mwenyewe nilifurahi sana.

Ila jina linakuja na mwenyewe. Mwanangu sasa yuko kidato cha pili, mrefu kuliko mimi. Mama yangu hajawahi kumwita mjukuu, anamwita mwanangu. Wanaume waliocheza na kaka, watu wazima na familia zao, mtoto akiwaamkia shikamoo wanacheka: "Unaniamkia mimi? Si tulicheza wote wewe!" Hawaitikii marahaba. Wanampa mkono kama rika lao, wanamuuliza kama anaikumbuka ile penalti. Zamani alikuwa anacheka nao. Siku hizi anaangalia chini.

Jumamosi iliyopita tulienda kwa bibi yake, kijiji chetu kilikuwa kinacheza na majirani. Mama akatoa jezi ya kaka, ameifua na kuipiga pasi. "Vaa mwanangu, wanakungoja." Miaka yote ilikuwa inampwaya. Safari hii ikamkaa sawasawa.

Walimwingiza kipindi cha pili. Uwanja mzima ukaanza, "Eliamani! Eliamani!" Akapata mpira kushoto, akainamisha bega vilevile, akamimina krosi, wakafunga. Jamani, sisemi alifanana naye. Nilimwona kaka yangu. Nilikimbia mpaka kwenye mstari huku nalia, "Kaka! Kaka Eli!" Mama alikaa anatabasamu, kama mtu ambaye hajawahi kuzika. Mwanangu alitusikia. Wenzake walikuwa wanarukiana kwa furaha, yeye amesimama anatuangalia.

Jioni tulirudi mjini.

Jumapili baada ya ibada akaniomba nimsindikize kwenye besiboli, mchezo ambao mwalimu wao mmoja amewaanzishia shuleni. Miye nilikuwa nauita mchezo wa kupiga hewa kwa gongo, lakini nikaenda ili nimridhishe. Mwalimu akanipokea vizuri: "Karibu sana Mama Kelvin!" Nikamwambia amenifananisha. Akashangaa, akanyoosha kidole kwa mwanangu. "Si yule pale, mrushaji wetu?"

Pale kila mtu anamwita Kelvin. Na huyo Kelvin ana makelele, anawapanga wenzake, anacheka meno yote nje. Alipomtoa mpigaji hatari wa upande wa pili, wazazi wenzangu walisimama wakapiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa namtafuta kaka kwenye ule mkono, kwenye yale mabega, na sikumwona popote. Mungu anisamehe, nilimwangalia mwanangu wa kumzaa kama mtoto wa jirani, na ikawa kama siku ya msiba.

Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza Kelvin ni nani.

"Ni mimi, mama."

"Umelikataa jina la mjomba wako?"

"Sijalikataa. Ila kule kwa bibi nikicheza vizuri, anashangiliwa mjomba. Nikiharibu, ndiyo nakuwa mimi." "Jana ulilia kwa furaha. Leo nimecheza vizuri kuliko jana, umekaa tu." Nilijifanya nafunga kiatu.

Sasa mama amepiga simu. Jumamosi hii kuna marudiano, na wazee wa timu wamesema kitambaa cha unahodha arudishiwe. Arudishiwe! Siku hiyohiyo Kelvin ana mechi yake ya besiboli. Nilipojaribu kumweleza mama, akasema, "Usinizikishe mwanangu mara ya pili." Presha yake mnaijua nyinyi wenye wazazi wazee. Mtoto naye anasema atafanya nitakachoamua, na anasema kwa upole ambao unanitisha.

Najua wengi mtaniambia nimpeleke besiboli. Hilo jibu ninalo. Lakini mama yangu nimemsingizia tu hapa. Anayetaka kwenda mlimani Jumamosi ni mimi. Nimemkumbuka mno kaka yangu, na sasa najua pa kumwona, ilimradi tu mwanangu avae ile jezi na anyamaze. Wazazi wenzangu, hasa mliowapa watoto majina ya wapendwa wenu, naombeni ushauri wenu kabla ya siku hiyo. Nifanyeje?