Njugu Mawe za Senge na Mkataba wa Mataifa

Majirani zangu wa mtaa wa Tuwan hupenda kunicheka. Ati mimi ni mtu wa sheria za kimataifa na mfereji wangu hauna maji tangu Jumatatu. Ni kweli, bana. Kazi yangu katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria hapa Kitale ni kuchukua mikataba ambayo mataifa yametia sahihi kuhusu joto la dunia, wakimbizi na chakula, na kuieleza kwa lugha ambayo mtu ataielewa akiwa kwenye foleni. Safari hii niliibeba kazi hiyo nikampelekea Senge, dada ya marehemu baba yangu, anayekaa Myanga, kupita mji wa Bungoma.

Kilichonitoa nyumbani ni njugu mawe. Senge ana mbegu nyekundu ya njugu hizo, aliyopewa na mama yake na anayoitunza kwenye kibuyu. Mvua ikikatika katikati ya msimu, kama ilivyo tabia yake siku hizi, mahindi hunyauka lakini njugu hizo huvumilia. Kila mwanamke aliyeolewa pale kijijini amepewa na Senge kiganja cha mbegu ya kuanzia maisha. Kisha uvumi ukapita sokoni kwamba atakayepatikana na mbegu isiyo na lebo ya kampuni atashikwa. Senge akaacha kugawa. Binamu yangu aliponiambia kwamba sasa anafikiria kutopanda tena kabisa, hasira zikanipanda nikampigia simu.

"Senge, nakuja Jumamosi kwa ajili ya zile mbegu zako," nikamwambia.

Akanijibu, "Sawa, mama. Kuja na njaa."

Jumamosi asubuhi nilipewa lifti na Bwana Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa anaenda Bungoma kumwona kaka yake. Ni mtu wa maneno mengi na huendesha gari polepole ili yasimwishie njiani. Tulipopita Kiminini nilikuwa nimeshamweleza kisa chote.

"Nyanya yangu alikuja hii nchi na mbegu ya dania amefunga kwa ncha ya shali," akasema. "Nani alimwuliza lebo?"

Nikamwambia sheria ya mbegu haikutungwa na wendawazimu. Kuna matapeli wanaopaka rangi mahindi ya kusaga na kumwuzia mkulima kama mbegu, na kuna magonjwa ya mimea yanayovuka mipaka bila pasipoti. Shida ni pale wavu wa kumnasa tapeli unapomnasa pia mama mzee na kibuyu chake.

"Basi mwambie hivyo hivyo," akasema Bwana Singh. "Lakini usimwambie kwa Kiingereza."

Huko Kamukuywa alisimama akaninunulia ndizi, akakataa katakata nilipe. Nampenda huyo mzee, hata kama redio yake haishiki stesheni yoyote.

Kanduyi tuliagana. Nikanunua sukari, mkate na majani ya chai, kwa maana kwa Senge huendi mikono mitupu, nikapanda bodaboda hadi Myanga. Barabara ilikuwa kavu na vumbi lilinipaka sura mpya. Senge alikuwa amesimama mlangoni, amevaa ile nguo yake ya kanisani.

"Mulembe, mtoto wa ndugu yangu!" Akanikumbatia, akanirudisha nyuma kunikagua, akanikumbatia tena. "Umekonda. Huko Kitale mnakula hewa?"

Saa saba chakula kikatengwa. Jamani! Njugu mawe zilizochemshwa na mahindi hadi zikalainika, zikaungwa kwa simsim. Nilikula sahani ya kwanza bila kuongea. Nikaongeza ya pili. Senge alikaa akinitazama kwa raha, ila yeye mwenyewe aligusa kidogo tu.

Nilipomaliza kunawa nikamwambia, "Haya, Senge, sasa nionyeshe hizo mbegu."

Akashangaa. "Si umekula?"

"Nimekula nini?"

"Hiyo njugu. Yote. Nilimwaga kibuyu kwa sufuria."

Nikachungulia sufuria. "Senge! Kwa nini?"

"Ulisema unakuja kwa ajili ya mbegu, na wewe ni mtu wa sheria. Niache urudi kazini waseme senge yako ni mhalifu? Na tena mtoto wa ndugu yangu atoke mbali hivyo nimpe chai na mkate wake mwenyewe? Nikaona nimalize hiyo mambo mbili kwa sufuria moja."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kumshika mikono. Nikamweleza nilichokuwa nimekuja kusema. Kwamba mataifa mengi yalikaa yakaona jua limekuwa kali na aina za vyakula zinapotea, yakakubaliana kwa mkataba kwamba wakulima waliotunza mbegu vizazi na vizazi wana haki zao. Kwamba mkataba huo unaiachia kila nchi kuzileta haki hizo nyumbani kwake, na kwetu mambo hayo yamezua mabishano marefu. Sikumdanganya. Nikamwambia siwezi kuahidi kwamba hakuna atakayemsumbua, ila akisumbuliwa nitasimama naye.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama kibuyu. "Hayo ni maneno mazuri, mama. Lakini sasa nitapanda nini?"

Saa tisa tukatoka kwenda kuomba kwa wale aliowahi kuwapa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nafula, jirani aliyeolewa pale miaka mingi iliyopita. Alinitazama viatu, akatazama mkoba wangu wa ofisini.

"Njugu mawe? Mimi? Sijawahi panda hiyo kitu."

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walisema hata hawaijui. Tuliporudi njiani Senge alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Niliwapa na huu mkono," akasema. Iliniuma sana. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba hawakuwa wanamnyima yeye. Walikuwa wananiogopa mimi, na nani angewalaumu?

Nikamvuta Senge tukarudi kwa Mama Nafula. Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakitandaza chini, nikapiga magoti.

"Mama, mimi ndiye nimekula mbegu ya Senge. Yote. Nakuomba unipe na mimi kidogo, nikapande Kitale."

Mama Nafula akamgeukia Senge. "Ati ameikula?"

"Ameimaliza," Senge akasema. "Na aliongeza!"

Mama Nafula alicheka hadi akashika nguzo ya nyumba. Akaingia ndani, akatoka na debe, akaimimina njugu ikiwa bado kwenye maganda yake, nyekundu ikichungulia pale ganda lilipopasuka. Akanifungia kitambaa yeye mwenyewe, mafundo mawili.

"Haya. Sasa tukishikwa, tumeshikwa wote."

Habari ilipita haraka kuliko ule uvumi wa sokoni. Kabla jua halijatua wale wengine walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na chake chini ya leso, wakimtania Senge kwamba amelea mlafi. Kibuyu kikajaa, akakitia majivu, akakiziba.

Jumapili alasiri nilikuwa nimerudi Kitale. Nilichojifunza ni kwamba kama Senge angeitii hofu yake tangu zamani, akakaa na mbegu peke yake, siku ile mbegu hiyo ingekuwa imekwisha na mimi ndiye ningekuwa nimeila. Iliokolewa na kugawana, jambo lile lile aliloambiwa ni kosa. Nitalisema hilo kila nitakaposimama kuueleza mkataba ule.

Nilipofika getini Tuwan, jirani yangu aliona fundo langu. "Umebeba nini? Nigawie na mimi." Nikageuka kwanza nyuma, nikatazama kulia na kushoto kama kuna mtu anayetuona. Mimi, na digrii yangu! Nikajicheka, nikafungua fundo hapo hapo barabarani, nikamwambia akinge mikono.